Chumba cha Surua

Kazi yangu pale hospitali ya Kisarawe ilikuwa kugeuza maneno ya daktari kuwa namba. Yeye akiandika malaria, mimi nafungua kitabu kinene cha magonjwa, natafuta namba yake na kuiandika pembeni ya kadi. Mwisho wa mwezi namba zinakwenda wizarani. Kutoona usiku kwa kukosa vitamini A nako kulikuwa na namba. Niliijua kwa kichwa na kujivunia, kana kwamba kukariri namba ndiko kuujua ugonjwa.

Binti yangu alipopata surua, mama mkwe aliacha shamba la kijiji kule Kibuta akaja kumwuguza. Kwao surua haitaki mwanga. Alitundika kaniki dirishani, akapiga marufuku taa, mafuta na mboga za majani, mtoto akawa wa kunywa uji mweupe gizani. Sikubisha. Yule mama alikuwa amelea watoto wengi kuliko mimi, na kusema kweli nilimwogopa.

Vipele vikakauka, homa ikashuka, lakini mama mkwe bado alimfungia ndani. Nilikuwa nakwenda kazini roho juu juu, bila kujua naogopa nini hasa. Siku moja magharibi ikikaribia nikashika kadi ya mtoto kutoka kijiji cha Vihingo: surua, kisha jua likizama haoni. Niliandika namba, halafu mkono ukakwama. Mama wa mtoto huyo aligundua kwa sababu mwanawe alikuwa akicheza uani, giza likianza kuingia anajigonga. Wangu angejigonga wapi? Mle chumbani sote tulikuwa vipofu. Mganga hajigangi, sawa, lakini walau angejitazama.

Nikaomba ruhusa, nikaenda nyumbani karibu nakimbia. Nilimwamkia mama mkwe shikamoo, na kabla hajamaliza marahaba nilikuwa nimeshambeba mtoto hadi uani. Akanifuata akilalamika kwamba namwulia mjukuu. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limezama. Nikamsimamisha mtoto kando ya kinu, nikarudi nyuma kidogo, nikamwambia aje. Mimi nilimwona vizuri, hata makovu ya vipele shavuni. Yeye alinyoosha mikono mbele, asisogee.

“Mama, bado tuko chumbani?”

Kesho yake alfajiri mama mkwe mwenyewe alimfunga mtoto mgongoni, tukaenda hospitali. Daktari akampa vidonge vya vitamini, akaagiza papai, mchicha na maini, akasema macho hayajakauka, bado yanaweza kupona, tungoje. Kungoja huko kulinimaliza. Kila jioni tulimkalisha uani katikati yetu, nikimwuliza anaona nini, naye anajibu giza.

Kisha jioni moja aligeuka kabla sijamwuliza.

“Bibi, mbona unalia?”

Bibi yake alikuwa akilia hivyo hivyo kila jioni, kimya kimya, na mtoto hakuwa amejua.