Mguu wa Kulia

Mjomba wangu alinunua gitaa akidhani ni cherehani. Yeye mwenyewe huwa anaizungusha hadithi hiyo, anasema eti alishaona nyuzi, eti moyo ulimwambia. Uongo mtupu, nilikuwepo. Ulikuwa mnada wa hoteli kongwe iliyofunga milango, na sisi tulikwenda kutafuta makochi mabovu, maana kazi yetu ni kuvisha upya makochi na viti vya magari. Chini ya turubai mjomba akaona sanduku refu jembamba limesimama kwa miguu minne. Lilikuwa na pedali chini, na vyuma vya kusukuma kwa goti. Cherehani kubwa za kushonea ngozi nazo zina chuma cha goti. Mjomba akaniminya mkono nisifungue mdomo, akijua amepata bahati ambayo mafundi wenzake hawajaiona, akanyoosha kidole kabla dalali hajamaliza kusema.

Nyumbani tukafungua kifuniko. Tukakuta nyuzi kumi. Sindano hakuna, bobini hakuna.

Mkaza mjomba, yaani mkewe, alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akalitazama kwa muda mrefu.

"Sasa hii inashona nini?"

"Itashona," mjomba akasema.

"Haya, nishonee gauni."

Mtaa ulicheka mpaka ukachoka, na kitu kile kikabaki na jina la Cherehani. Mtu mwingine angeliuza. Lakini mjomba wangu ni mtu ambaye ukimuuzia mbuzi kwenye gunia, akafungua akakuta paka, atakuambia alikuwa anatafuta gunia. Alilifuta vumbi, akaliweka katika kona ya karakana kati ya marobota ya sponji, akaanza kuulizauliza ni nani aliyewahi kulipiga.

Aliyelipiga alikuwa ameshakufa. Aliyebaki ni mpiga tarumbeta wa bendi ya hoteli ile, ambaye hakupuliza tena kwa sababu meno ya mbele yalikuwa yamekwisha. Mpiga tarumbeta alikuwa amekaa ubavuni mwa gitaa lile maisha yake yote ya kazi. Kulipiga hakujua, ila kila pedali ilivyosikika alikuwa nayo kichwani. Aliketi juu ya kochi lisilo na kitambaa, akafumba macho, akaanza kuimba kwa pua: hii ya kwanza inavuta sauti juu hivi, hii ya pili inainua kidogo tu, hapo, umepita, rudi. Mjomba akawa anakaza na kulegeza nyuzi mpaka zinafanana na pua ya mzee. Hivyo ndivyo mjomba alivyofundishwa gitaa, na mtu asiyejua kulipiga.

Kwa ambaye hajawahi kuliona: gitaa hili halikumbatiwi kifuani. Limelala kama meza, na mpigaji ameketi mbele yake. Mkono mmoja unadonoa nyuzi na mwingine unatelezesha juu yake kipande cha chuma. Chuma chenyewe kilikuwa kimepotea, kwa hiyo mjomba aliomba pini ya pistoni kwa fundi magari, akaisugua mpaka ikang'aa. Mguu wa kushoto unakanyaga pedali zinazovuta nyuzi wakati bado zinalia, na magoti yanasukuma vyuma vya pembeni. Mguu wa kulia una pedali yake peke yake, ya sauti, iliyounganishwa na spika. Ukiuinua, gitaa linanyamaza. Ukikanyaga, sauti inakua.

"Mikono inasema maneno tu," mpiga tarumbeta alimwambia. "Huu mguu ndio unaolia. Donoa ukiwa juu, kisha shuka polepole. Sauti ikitaka kufa, isukume. Usiiache ife."

"Ndiyo maana unaitwa mguu wa kulia!" mkaza mjomba akapiga kelele kutoka jikoni.

Tulicheka sana siku hiyo. Naikumbuka kwa uchungu kwa sababu baadaye neno hilo hatukuweza kulitamka bila mtu kuinuka na kutoka chumbani.

Miaka ya mwanzo ilikuwa adhabu. Fundi viatu wa jirani aliuliza kama tunafuga paka na kama tunampa chakula. Halafu, sijui lini, ikageuka. Nakumbuka dereva mmoja wa teksi aliyekuja kufuata kiti chake. Mjomba alikuwa anapiga. Dereva akakaa juu ya kochi ambalo springi zake zilikuwa nje, akatulia tuli, na aliposimama akaondoka bila kiti. Mjomba hakupata umaarufu wowote. Alialikwa harusini mara moja, bibi harusi akalia mpaka wanja ukamfika kidevuni, hakualikwa tena. Akawa anapiga karakanani baada ya kazi, pekupeku ili ausikie vizuri mguu, na mimi nakata vitambaa. Kulia kwake kulikuwa kurefu, bila mshono, kama mtu anayekunjua kitambaa kizuri mezani asitake kifike mwisho. Sijawahi kusema hivi mbele yake, lakini nilikipenda kile kitu kuliko redio yoyote.

Mjomba ana kisukari. Alikuwa anameza vidonge siku anazokumbuka, na siku anazokumbuka zilikuwa chache. Mwaka mmoja gitaa likaanza kurukaruka. Sauti iliyokuwa inakuja polepole ikawa inatokea ghafla kama mtu aliyekanyagwa, kisha inakatika. Mjomba akasema pedali imelegea. Akaifungua, akaisafisha, akaifunga. Ikaruka tena. Akabadilisha uzi wake wa ndani. Akamtukana marehemu aliyeitumia vibaya hotelini. Pedali haikuwa na kosa lolote. Mguu ndio uliokuwa umekufa ganzi, na yeye akawa anatengeneza chuma kizima.

Mkaza mjomba ndiye aliyegundua. Alikuwa anafagia karakana, akaona matone ya damu yamefuatana kutoka mezani hadi kwenye gitaa. Akamwambia ainue mguu. Chini ya kidole gumba ulikuwa umezama msumari wa kochi, wote, kimebaki kichwa tu. Mjomba alikuwa ametembea nao kutwa.

"Huu nao unashona nini?" mkaza mjomba akauliza. Kisha akapiga magoti, akaung'oa kwa koleo.

Kidonda hakikupona. Kikafunguka, kikanuka, kikapanda. Daktari alikuwa kijana mpole, akaeleza mara mbili: akikatwa vidole viwili sasa, mguu utabaki. Akingoja, hajui atakata wapi.

"Bila vidole nitakanyagaje?" mjomba akauliza.

"Utatembea vizuri tu, mzee wangu."

"Sikuuliza kutembea. Daktari, wa kushoto chukua, hata leo. Wa kulia ndio wa kulia."

Daktari akatutazama sisi. Alidhani homa imempanda kichwani, na kwa kweli mimi pia ningependa iwe homa. Ilikuwa akili yake timamu kabisa, ile ile iliyonunua cherehani yenye nyuzi kumi. Alivaa shati, akarudi nyumbani, akaketi mbele ya gitaa na mguu umefungwa bandeji, akapiga. Alipiga kila siku, vibaya, kwa kurukaruka, akitafuta ule mkanyago wa zamani kwa mguu usiosikia kitu. Nilimchukia siku zile. Mtu unampenda, na bado unamchukia mpaka unashindwa kumpa maji.

Mkaza mjomba hakulia hata kidogo. Alitania. Alimwambia akifa atamzika na Cherehani ili akawashonee malaika. Alimkemea, akamfungia chakula kabatini, akafungua tena. Jirani mmoja alikuja kumjulia hali, akakaa, akavuta pumzi, akasema, "Lakini wahenga walisema, asiyesikia la mkuu..." Hakufika kwenye guu. Mkaza mjomba alimshika mkono akamtoa hadi barabarani, na methali hiyo haijawahi kumalizika nyumbani kwetu.

Walipomrudisha hospitalini alikuwa hajitambui. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, ila kwa mwili ukuta haujengwi. Walikata juu ya goti. Mkaza mjomba alipewa karatasi, akatia saini akiwa amesimama, akamuuliza muuguzi wapi atapata maji ya kunywa. Macho makavu. Niliwaza: huyu mama ana moyo wa jiwe. Niliwaza pia kwamba heri awe nao, maana mimi nilikuwa nimekaa sakafuni kwenye korido ya watu.

Mjomba alirudi nyumbani kwa magongo, amepungua. Hakutaka kuingia karakanani. Alipoingia hatimaye, aliketi mbele ya gitaa, akadonoa uzi mmoja. Sauti ikatoka, ikafa hapo hapo. Akadonoa mwingine. Ukafa. Goti la kulia nalo lilikuwa limekwenda, na noti zake zimekwenda nalo. Alijaribu kuifikia pedali kwa gongo, gongo likateleza, akalitupa ukutani. Kisha akasema maneno ambayo sijawahi kuyasahau.

"Wangeniacha nife na mguu wangu."

Mkaza mjomba alikuwa mlangoni. Aliingia, akavuta kigoda akakiweka upande wake wa kulia, akaketi, akavua kandambili, akaweka mguu wake juu ya pedali.

"Haya," akasema. "Piga."

"Unafanya nini?"

"Piga, bwana, nina nguo za kuanua."

Ilikuwa balaa. Alikanyaga wakati mjomba bado hajadonoa, na mjomba akidonoa yeye anainua. "Umewahi," mjomba anasema. "Umechelewa. Umechelewa tena. Unakanyaga kama unaua mende."

"Kata na wangu basi, uuvae."

Lakini kesho yake mkaza mjomba alirudi, na keshokutwa. Mjomba alipolala mchana, mkewe alinilazimisha mimi nidonoe uzi, wowote ule, ili azoeze mguu. Alikuwa anakunja uso kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Nilitaka kumwambia aache. Mguu wa mjomba ulichukua miaka kujifunza, nao ulikuwa umefungwa kwenye kichwa kimoja na mikono yake. Mguu wa mtu mwingine utajuaje anachokitaka? Sikumwambia, kwa sababu mjomba alikuwa ameanza kula tena, na siku moja yeye mwenyewe alimkumbusha mkewe: "Leo huji kuua mende?"

Alasiri moja mvua ilikuwa inanyesha na wateja hawakuja. Mkaza mjomba alitoka kufua bandeji, akajifuta mikono, akaketi kwenye kigoda, akavua kandambili. Mjomba akaweka pini juu ya nyuzi, akadonoa. Mguu ukashuka. Sauti ikatoka chini kabisa, mbali, ikapanda kwa shida, ikatetemeka. Ilipotaka kufa, mguu ukaisukuma, nayo ikakataa kufa. Mjomba akasogeza pini, akadonoa tena, na mguu ukamfuata. Niliacha mkasi katikati ya kitambaa.

Haikuwa sauti ya mjomba. Ule urefu wake usio na mshono haukuwemo. Hii ilikuwa ya mtu aliyebana pumzi siku nyingi mbele za watu, na sasa inamtoka vipande vipande. Noti zilikuwa za mjomba, lakini kilio hakikuwa chake. Nikaelewa kwamba kile cha kwake hatutakisikia tena, na nikaona uchungu kama wa kufiwa.

Mjomba aliinua mikono kutoka kwenye nyuzi. Mkewe hakuutoa mguu, kwa hiyo spika iliendelea kuvuma kidogo.

"Huyo siyo mimi," mjomba akasema.

Mkaza mjomba alikuwa anatazama chini.

"Ni wewe huyo," mjomba akamwambia. "Umekuwa hivyo tangu lini?"

"Tangu yule daktari alipotaka vidole viwili."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia saa ngapi?" Hakusema kwa hasira. "Ulikuwa unapiga gitaa."

Mvua ilipiga bati. Mjomba akarudisha pini juu ya nyuzi, akaweka vidole tayari, na hakudonoa. Akamngoja mkewe aanze.