Kamera Mbili na Kapu la Bi Hayat

Mkomani, mjini Amu, kisiwani Lamu, huwezi kumpata mwanamke aliyeolewa miaka hii kumi na tisa ambaye Bi Mardhiya hakumpiga picha. Wengine amewapiga mara mbili, kwa waume wawili. Mmoja, ambaye hatumtaji, mara nne.

Kamera yake ni ile ile tangu mwanzo. Ni ndogo, ya rangi ya fedha, imeipita sabuni ya kuogea kidogo tu, na kifuniko cha betri kimezuiwa na mpira wa kufungia pakiti za kachiri. Ukiiwasha, lenzi hutoka taratibu ikilia kriii, kama kobe anayechungulia kuona kama mvua imekwisha. Bi Mardhiya huitia mfukoni mwa dera, ndani ya buibui, na watu husahau kuwa iko mpaka flashi iwaangaze meno.

Kazi yake ni siku ya kupamba, siku ambayo bibi harusi hutolewa akatazamwe na wanawake wenzake. Siku hiyo mabuibui huvuliwa, nywele huonekana, dhahabu hutoka sandukuni, na mwanamume hapiti hata akiwa fundi wa jenereta. Simu zote huachwa mlangoni. Picha hupigwa na mwanamke mmoja tu anayeaminiwa, naye amekuwa Bi Mardhiya, mpaka Razan aliporudi kutoka Mombasa.

Razan ni mtoto wa dada yake mwenyewe. Alikwenda kusomea upigaji picha akarudi na begi jeusi lenye mifuko mingi kuliko nguo zake, na ndani ya begi kamera kubwa, dude hasa.

Taabu ikaanzia kwa Bi Saadiya, jirani yao. Ana mabinti watano, na Ruba, wa kwanza, alikuwa anaolewa. Mtaa mzima unajua kuwa atakayempiga Ruba atawapiga na wanne waliobaki. Bi Saadiya alishindwa kuchagua kati ya jirani na mtoto wa jirani.

"Njooni nyote wawili," akasema. "Kesho yake tutazitazama picha pamoja na mama yangu. Atakazozipenda Bi Hayat, mwenye nazo ndiye mpiga picha wa nyumba hii. Mimi simo."

Bi Mardhiya alikwenda nyumbani akakaa kitako. Akiikosa nyumba ile, mtaa wote utamfuata Razan, kwa sababu Mkomani watu hufuatana kama mbuzi. Yeye angebaki na kazi gani? Dada yake mwingine yuko Kipungani, anasuka mikeka, na kila Idi humwita, "Ndoo tusuke!" Bi Mardhiya alijaribu siku moja. Mkeka wake ulitoka na pembe tatu. Mpaka leo unafunika mtungi.

Asubuhi ya siku ya kupamba, Razan alipita kumsalimia, akaliweka dude barazani.

"Hii ni mirrorless, khalati. Haina kioo ndani, ndiyo maana ni nyepesi."

Bi Mardhiya akaipakata. "Nyepesi! Hii ni mtoto wa miezi minne. Na kioo imekosa vipi? Hata pochi yangu ina kioo."

"Inalitafuta jicho la mtu yenyewe, khalati. Hata akiwa anacheza ngoma, hailiachi."

"Na akiwa amefumba macho?"

"Hapo sijajaribu."

"Yangu haichagui. Inakupiga hata mdomo umejaa biriani."

"Najua, khalati. Harusi ya pili ya mama ulinipiga hivyo hivyo."

Razan alipoingia ndani kunywa maji, Bi Mardhiya aliliinua dude akachungulia. Mwisho wa uchochoro alikuwa amelala paka, paka wa kawaida wa Amu, mwembamba kama uzi. Bi Mardhiya alizihesabu sharubu zake. Kumi na moja upande mmoja! Akamtazama tena kwa macho matupu: paka hakuwa hata paka, alikuwa doa tu ukutani. Akalirudisha dude pale lilipokuwa, moyo wake ukateremka mpaka kwenye ndara.

Baada ya alasiri wanawake walijaa dakani kwa Bi Saadiya, pale penye baraza za mawe mbele ya mlango. Aliyewekwa mlangoni alikuwa Bi Hayat mwenyewe. Miaka yote alikuwa ndani anacheza, lakini mwaka huu goti lilikataa. Alikuwa na kapu la ukindu miguuni, sahani ya halua mapajani, na macho ambayo daktari amemwambia yana ukungu naye akamwambia daktari ukungu anao yeye.

"Simu!" akasema.

Razan alitia simu yake kapuni. Bi Hayat akalipapasa lile dude shingoni mwake.

"Na hili?"

"Kamera, bibi."

"Naam. Kamera yajulikana. Pita, mwanangu."

Akafuata Bi Mardhiya. Bi Hayat akampapasa mfukoni, akatoa kile kidude cha fedha. Bapa, chembamba, kinateleza.

"Simu!"

"Bi Hayat, hiyo si simu. Ni kamera yangu."

"Wote wasema hivyo."

"Miaka kumi na tisa waniona nayo!"

"Nakuona wewe. Mimi nilikuwa nacheza, nitaangalia mikono ya watu saa ngapi?" Na kidude kikaingia kapuni, chini kabisa, kati ya simu sitini zilizokuwa zikilia kwa zamu kama vifaranga. "Nimeapa kwa Mola, haitoki simu humu mpaka harusi iishe."

Bi Mardhiya alimtazama Razan amsaidie. Razan alikuwa ameinua uso anazisoma nakshi za mlango, makini, kama aliyetumwa na serikali kuzihesabu.

Ndani, vugo, zile pembe za kuchezea, zilikuwa zinagongwa na wanawake wameshaanza kucheza. Bi Mardhiya alisimama katikati na mikono mitupu. Na mikono ina mazoea yake. Alipomwona Bi Saadiya anazunguka na mtandio umemteleza, mikono ilipanda yenyewe mpaka usoni na kidole kikabonyeza hewa. Ajabu ni kwamba wanawake watatu walisimama mbele yake wakakumbatiana, wakatabasamu kuitazama ile hewa.

"Imetoka?" akauliza mmoja.

"Imetoka vizuri," akasema Bi Mardhiya. Angesema nini?

Razan naye alikuwa na shida zake. Kila alipoliinua dude, waliokuwa wakicheza walisimama wima, mikono ubavuni, kama wanaopigwa picha ya kitambulisho. Mama mmoja alijificha nyuma ya nguzo. "Hilo laona mpaka nia!" akalia.

Lakini alipiga. Alimpiga Bi Saadiya akizunguka, na kwa upenyo wa pazia alipiga mikono ya Ruba yenye hina, akingojea kutolewa. Ndipo ukasikika ukelele mlangoni.

"Yaa Latifu! Saadiya yumo kapuni!"

Vugo zikanyamaza. Wote wakakimbilia mlangoni, na Bi Saadiya wa kwanza, kuona ameingiaje kapuni. Bi Hayat alikuwa ameshika simu moja inayowaka. Kwenye kioo, Bi Saadiya alikuwa anacheza, nywele nje. Simu ikatetema. Akatokea shangazi mtu na sambusa. Ikatetema tena.

"Harusi yatoka nde!" Bi Hayat akasema. "Mimi nimekaa mlangoni, nayo yapata ndia nyingine! Simu ya nani hii?"

Razan aliinua mkono kama darasani. "Yangu, bibi. Kamera huzituma picha kwenye simu yenyewe. Nilisahau kuizima."

"Yenyewe? Haijatumwa na mtu?"

"Yenyewe."

"Basi ni mmbea!" Bi Hayat akanyoosha mikono. "Lete hapa."

Razan aliapa kuwa hakuna picha iliyokwenda kwa mtu mwingine, tena akaizima simu mbele yao wote. Haikusaidia. Dude halikuingia kapuni, kwa hiyo Bi Hayat alilipakata, akalifunika leso kama mtoto aliyelala.

Sasa bibi harusi alikuwa tayari nyuma ya pazia, udi unafuka, na nyumba nzima haina kamera. Bi Saadiya alishika kichwa. Bi Mardhiya akaona hapa ndipo. Ama hapa, ama Kipungani.

"Bi Hayat, nipe yangu."

"Nitajuaje nayo si mmbea?"

"Ipigie simu! Ikijibu, itupe baharini."

Watu wakaguna. Bi Hayat alilifikiria jambo hili, akaila halua iliyobaki kidoleni, nayo haikwisha yote, akalifukua kapu mpaka chini. Akabonyeza. Kriii, lenzi ikaanza kutoka. "Rudi!" akaisukuma kwa kidole gumba. Lenzi ikarudi, ikatoka tena, akaisukuma tena. Mwisho akaiweka sikioni.

"Haloo?"

Kimya.

"Haloo, ni nani? Sema, mimi Hayat!" Akabonyeza kwa nguvu.

Flashi ikawaka. Bi Hayat akaruka na goti lake bovu mpaka baraza ya pili. "Imenipiga!"

Bi Mardhiya akamwonyesha picha. Lilikuwa sikio, limejaa kioo kizima, na kipuli cha dhahabu chini yake.

Bi Hayat akalitazama kwa muda mrefu. "Simu ingejibu," akasema mwishoni. "Hii haina adabu, lakini si simu. Kiapo changu kilikuwa cha simu. Chukua."

Betri ilikuwa imebakiwa na kijistari kimoja. Bi Mardhiya hakufuta kitu wala hakuangalia kitu, aliingia tu anapiga. Hakuna aliyesimama wima, kwa sababu hakuna aliyemwona. Ruba alipotolewa, alikaa kitini macho chini kama inavyotakiwa, uso mzito kama anayesubiri sindano. Bi Mardhiya akamsogelea akamnong'oneza, "Bibi yako amezungumza na kamera. Ameiambia haloo." Ruba akauma mdomo, mashavu yakavimba, cheko likamponyoka. Kriii. Flashi. Betri ikafa papo hapo.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, wanawake watano walikaa mbele ya televisheni ya Bi Saadiya: Bi Saadiya, Bi Hayat, Ruba na wapiga picha wawili waliokaa mbali mbali.

Za Razan zilikuja kwanza. Bi Saadiya akatokea anacheza, na hakuna kilichokosekana.

"Nini hicho kidevuni?" akauliza Bi Saadiya.

"Punje ya wali," akasema Razan.

"Na hicho kando yake?"

"Kivuli."

"Kivuli kina mzizi?"

Razan akapitisha haraka. Ikaja picha ya mikono ya Ruba. Kila mstari wa hina ulikaa kama umeandikwa kwa kalamu, na ungeweza kuona mpaka hina ilipogusa kucha ya kidole kidogo. Bi Mardhiya aliitazama akajua kwamba kamera yake isingeweza hii, leo wala miaka kumi na tisa ijayo. "Mashallah, mwanangu," akasema, na alisema kweli, ingawa mkeka wa pembe tatu ulimpitia mbele ya macho.

Halafu zikaja zake. Akashangaa mwenyewe. Mwanga ulikuwa umetanda kama maziwa yanapoingia kwenye chai. Mikunjo haipo, punje za wali hazipo, kila mtu anang'aa kama ametoka kuoga kwa maji ya waridi. Na Ruba, katikati, anacheka.

"Huyu ni mimi?" Bi Saadiya akaisogelea televisheni. "Au ni mdogo wangu wa Mtangawanda?"

Wote wakamgeukia Bi Hayat. Bi Hayat alikuwa analia kidogo, akijipangusa kwa leso.

"Za msichana ni nzuri," akasema. "Lakini mle kuna watu siwajui. Wazee wazee. Hizi ndizo. Hivi ndivyo mato yangu yawaonavyo kila siku. Mardhiya ndiye wa nyumba hii. Ila ile ya mikono itundikwe sebuleni. Na sikio langu pia, kubwa, karibu na mlango, wapita ndia walione."

Bi Mardhiya alirudi nyumbani miguu haigusi chini. Razan akamfuata.

"Khalati, niambie kweli. Ulitumia filta gani?"

"Filta ndiyo nini?" Akaitoa kamera mfukoni kuiangalia. Juu ya lenzi, duara kamili, palikuwa na alama ya kidole gumba cha halua. Sisimizi wawili walikuwa wameshafika.

Bi Mardhiya alichukua kitambaa kuifuta, Razan akimtazama. Akasita. Akakikunja kitambaa akakirudisha.

Miezi mitatu baadaye ilikuwa zamu ya binti wa pili. Bi Hayat alikuwa dakani, kapu miguuni, sikio lake ukutani nyuma yake limewekewa fremu. Bi Mardhiya alifika na sahani ya halua moto ya bakalani, dukani kwa Jeilani, akampakulia kipande, akangoja akile, kisha akamkabidhi kamera.

"Bi Hayat, hebu ipigie simu kwanza. Uhakikishe."

"Vyema, mwanangu. Wewe una adabu."

Nyuma yake, kwenye foleni, alisimama Razan. Simu alikuwa ameiacha nyumbani. Dude alikuwa amelishika kwa mikono miwili, ameshaivua lenzi kifuniko, tayari kwa kidole gumba.