Konokono Aliyetengwa

Enyonam wa miaka ile alikuwa binti mpole, mwenye kupenda hisabati kama wengine wanavyopenda ngoma. Katika mwaka wa tatu chuoni alifanya utafiti pamoja na Yayra, mwanafunzi wa baiolojia, juu ya konokono waenezao kichocho mbele ya kijiji cha kina Enyonam, ukingoni mwa ziwa Volta. Yayra aliwahesabu konokono. Enyonam akatunga mlinganyo. Magugu ya majini, makao yao, yakishang'olewa, mlinganyo ulisema, konokono watakaosalia watakuwa wachache mno kupata wenzi, nao watatoweka. Kwa furaha alimweleza Togbe, chifu wao, kabla hata mwalimu hajaisoma kazi hiyo. Togbe akaahidi kwamba magugu yakiisha, watoto wataogelea tena.

Asubuhi moja, maabarani, Enyonam aliona bilauri yenye konokono mmoja tu, na ubavuni mwake ute uliojaa mayai.

"Dume lake umelipeleka wapi?" alimwuliza Yayra.

Yayra akacheka. "Dume gani, mwenzangu? Huyu nimemtenga tangu alipoanguliwa. Kila mmoja wao ni dume na ni jike. Akikosa mwenzi, anajitosheleza."

Enyonam alitafuta kiti. "Mimi nimewagawa nusu madume, nusu majike. Ukurasa wa kwanza. Hukuona?"

"Niliona herufi zako za Kigiriki, nikaruka. Na wewe, maelezo yangu ya uzazi?"

"Niliruka pia. Nilidhani konokono ni konokono."

Yayra hakucheka tena.

Simu ya Togbe haikupatikana. Enyonam alipanda gari la kwanza, akafika jua likielekea kuzama. Magugu yalikuwa yamerundikwa ufukweni, yamekwisha kunyauka, na maji yamejaa watoto. Esinam, mdogo wake, alimpungia mkono.

"Daa Enyo, vua viatu uje. Togbe kasema wewe ndiye uliyetufungulia ziwa."

Togbe alikuwa ameketi ufukweni, msemaji wake kando. Desturi ilimtaka Enyonam aseme na msemaji huyo kwanza; alimpita, akapiga magoti mbele ya Togbe mwenyewe.

"Togbe, hesabu yangu ina kosa. Akibaki konokono mmoja, watajaa tena."

Mzee akauliza, "Mbona ulisema una hakika?"

"Nilikuwa na hakika."

"Basi waambie wewe. Mimi walinisikiliza kwa sababu yako."

Akawaambia. Akina mama waliwatoa watoto wao majini. Enyonam alifungua kitambaa chake cha kichwani, akamfuta Esinam miguu, akasugua na kusugua, ingawa alijua vijidudu vya kichocho hupenya ngozini bila kumngojea mtu ajifute.

"Daa," mtoto alisema, "unaniumiza."

Hakuweza kuacha.