Nimezima Seva Ndugu Zangu Wakiwa Kwenye Sala

Leo nimewakatisha ndugu zangu sala, na bado nina furaha kama mtoto!

Kikao cha harusi ya dada yangu kimefanyika kwa video kwenye seva yangu mwenyewe. Ndiyo, ile kompyuta ya zamani iliyoko chumbani kwangu hapa Mbeya. Ile mliyokuwa mnaicheka.

Wakaingia wote, wa Iringa, wa Chimala, wa Rujewa. Picha safi kabisa!

Nikatoka mara moja kufuata chaja sebuleni.

Narudi, kimya. Nyuso zote zimeganda, hakuna anayetikisika.

Nikajua seva imekufa. Nikaizima, nikaiwasha upya.

Simu ikaita. Alikuwa baba mdogo wa Iringa, mzee wa kanisa.

"We kijana, tulikuwa kwenye sala ya kimya. Umetutoa kabla ya amina!"

Jamani!

Wakarudi wote, nikaomba radhi. Shangazi wa Rujewa akasema, "Basi tuanze upya, na hiyo mashine nayo tuiombee."

Kikao kimeenda masaa mawili bila kukatika hata mara moja.

Haya, nani mwingine hapa ana seva iliyoombewa?