Kura Zilizorudi Visheti

Mwaka 2005 nilikuwa napanga chumba Hamriya, Omani, juu ya nyumba ya bibi mmoja wa Kiomani aliyezaliwa Unguja. Kabla ya hapo nilikuwa nimeuza mitumba Mombasa, nimefagia hoteli Dubai na nimelea watoto wa watu Sohar. Kila mahali nilikaa mpaka nikajua mambo yao yanavyokwenda, kisha nikafunga mzigo. Shule niliiacha darasa la saba, ila karatasi yenye maandishi haikunipita, hata ile iliyofungiwa dagaa.

Chumbani nilikaa na mwenzangu, Mkenya kama mimi, msusi wa saluni moja Ruwi. Mwezi wa Novemba kwetu Kenya watu walitakiwa kuamua juu ya katiba mpya. Kwa ajili ya wasiojua kusoma, kila upande ulipewa alama: ndizi ya kukubali, chungwa la kukataa. Sisi tuliokuwa nje hatukuwa na kura. Tulikuwa na simu tu.

Mamake mwenzangu kura alikuwa nayo, na kusoma hajui. Kaka wawili wa mwenzangu walikuwa wamemwambia kuwa ndizi ikishinda, dada yao atatoka Arabuni aje awanyang'anye shamba la marehemu baba. Mama akapiga kwa simu ya jirani. "Ni kweli? Nyinyi mnaosoma huko, niambieni niweke wapi."

Mwenzangu alikuwa na jicho kwenye kipande cha chini cha shamba hilo, kando ya kijito. Alipochoka kusimama kutwa akisuka vichwa vya watu, nyumba aliyoijenga akilini aliijenga hapo. Hakuwa na pengine pa kurudi.

"Nikimwambia ndizi, watasema ni tamaa," aliniambia. "Nikimwambia chungwa, nimejifungia mlango mwenyewe."

"Basi usiseme wewe," nikamjibu. "Tuseme sisi. Tupige kura, wewe umpelekee majibu."

Tulikuwa na rafiki wanane waliokuwa wakishona katika kiwanda cha nguo Rusayl. Mmoja wao alikuwa amerudi kutoka likizo na nakala ya ile katiba, kijitabu chenye Kiswahili cha mahakamani. Nilikisoma wiki mbili, nikiwa na kamusi na kalamu, nikawasimulia. Tukakubaliana kupiga kura Ijumaa, kwa matunda yenyewe, ndani ya beseni lililofunikwa leso ili mtu asione la mwenzake. Kisha wale wa Rusayl wakaambiwa Ijumaa hiyo kuna kazi, mzigo unangojewa bandarini. Nikawaambia wapige mapema, Jumatano, basi lao litakapopita Hamriya. Sisi tungekuwa kazini, kwa hiyo waliache beseni chini, kwa Bibi.

Walifanya hivyo hivyo. Walibisha, wakamwamkia, wakamkabidhi beseni na leso yake, wakakimbilia basi lililokuwa likiwapigia honi.

Ijumaa asubuhi tuliteremka na matunda yetu mkononi, ndizi yangu nikiwa nimeificha kwenye mtandio. Bibi akatutolea beseni. Lilikuwa zito.

"Hili hapa, wanangu. Nnaona haya kulirudisha tupu, nimekutilieni visheti."

Mwenzangu akafunua leso. Visheti, vya moto bado, sukari imeganda juu.

"Bibi, vilivyokuwemo viko wapi?"

"Machungwa nimekamua, wajukuu wamekunywa. Ndizi nimezipika kwa nazi. Tamu hizo. Wale wasichana Mungu awajaze."

"Zilikuwa ndizi ngapi?"

"Mtu huhesabu hidaya?" Bibi alimtazama kama mtoto asiyefunzwa. "Jirani akikuletea chakula, unapokea, unakula, unarudisha chombo na kitu ndani. Kwani kwenu vipi?"

"Bibi," nikasema, "zile zilikuwa kura."

Ikabidi nimweleze tangu mwanzo, tumesimama mlangoni na beseni katikati yetu. Alisikiliza, kisha akakaa kwenye kiti akicheka mpaka kilemba kikalegea. "Mimi nishapiga kura, mwaka juzi, ya Majlisi, bunge letu la hapa. Nilipewa karatasi. Sikupewa ndizi."

Nikampigia mmoja wa Rusayl. "Kura kuibwa nishasikia," akasema. "Kupikwa na nazi, hii ni ya kwanza." Nikamwomba waseme tu walivyoweka. Akakataa: ni siri, na zaidi ya hapo msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake.

Mwenzangu hakucheka. Jumatatu kwao walikuwa wanapiga kura, na mama alikuwa akingoja.

Bibi akamwona. "Huyo mama yako hasikii?"

"Anasikia, Bibi. Hajui kusoma tu."

"Basi si mumsomee? Mnampigia kura mtu naye mwenyewe yu hai."

Nikakaa pale pale kwa Bibi na kijitabu changu, mwenzangu akakwangua kadi ya simu, tukampata mama. Nikamsomea kifungu kinachosema wanawake na wanaume ni sawa, pamoja na haki ya kurithi.

"Soma tena hapo mwanzo," akasema. Nikasoma.

"Inasema msichana awanyang'anye wavulana?"

"Haisemi hivyo, mama. Inasema wote sawa."

"Na mjane kama mimi?"

Nikamtafutia. Akauliza pia habari ya machifu na ya mahakama, na swali moja la mipaka ya wilaya nikamwambia sijui. Kadi ya pili ikaisha akiwa bado anauliza. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Haya, nimesikia."

Chungwa likashinda. Siku hiyo mwenzangu alisuka vichwa vitano, kimoja akakifumua na kukianza upya. Jioni akampigia mama, akaiweka simu karibu nami nisikie.

"Uliweka wapi, mama?"

"Kura ni siri. Si ni nyinyi wasomi?" Akakohoa kidogo. "Ila nimewaita kaka zako. Nimewaambia kile kitabu nimesomewa, nimekisikia kwa masikio yangu, na mimi shamba sikungoja nchi nzima inihesabie. Wamepanda michongoma kuzunguka kipande cha chini. Ni chako. Mkubwa amenuna, lakini amepanda."

Mwenzangu aliketi kitandani akiwa na simu mkononi, akaniuliza michongoma huchukua muda gani kuwa ua. Nikaahidi kuuliza.

Kesho yake alinunua ndizi na machungwa, akajaza beseni, akafunika leso, tukamteremshia Bibi. Bibi akainua pembe ya leso, akachungulia, asiguse kitu.

"Za kula hizi," akauliza, "au za kupiga?"