Kitenge Kilichotoka Luvungi

Harufu ya naftalini hunirudisha nyumbani kwetu Cimpunda bila nauli. Niisikie kwenye koti la mtu ofisini au kwenye duka la nguo, mara moja nakuwa na miaka tisa, nimepiga magoti kando ya sanduku la chuma la mama, nasubiri alifungue.

Alilifungua kila kiangazi, mvua zikishakatika. Vitenge vyake vingi havikuwahi kushonwa wala kuvaliwa. Vilikuwa vya kutunzwa. Alivianika kimoja kimoja kwenye kamba, na kila kimoja kilikuwa na habari yake: hiki cha harusi ya shangazi aliyeolewa Uvira, hiki baba alikileta siku niliyozaliwa, akakosea rangi. Majirani walikuja na vigoda vyao kusikiliza, na ile habari ya rangi walitaka irudiwe. Hapo baba alikumbuka kwamba ana kazi mahali.

Kimoja tu hakikuanikwa. Kilikaa chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki. Mama aliufungua mfuko, akaingiza uso, akakaa kidogo, akaufunga tena. Mimi nilidhani anakagua kama kimeingia kuvu.

Wewe nakuambia mapema kile ambacho mimi sikukijua. Kilikuwa cha koko, mama yake mama, aliyekuwa akilima mpunga kule Luvungi. Alipofariki, barabara ilikuwa imefungwa kwa vita, na mama hakuwahi kumzika. Kilichomfikia, mkononi mwa dereva wa lori, ni kitenge hicho, kama kilivyotoka mwilini mwa marehemu: moshi wa kuni, mawese, jasho lake. Mama hakukifua.

Nikakifua mimi.

Siku hiyo alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Nilikuwa nimemwona akiufunga ule mfuko huku macho yamemlowa, nikaamua kwamba anaona haya kutunza nguo chafu. Alizoea kutuambia wema hauozi, basi wangu niliutenda kabla hajarudi. Nilishuka bombani mara mbili na bidoni, dumu letu la maji, na aliyekulia Cimpunda anajua kuupanda mlima wake na maji ni kazi gani. Nikamaliza kipande kizima cha sabuni. Nikasugua hadi maji yakatoka safi, nikakianika mbele kabisa, kila mtu akione.

Mama aliporudi alisimama penye lango la ua, kitabu cha nyimbo mkononi.

"Maman, niliifula," nikamwambia. "Nusa, iko inanukia muzuri."

Alikwenda, akashika pindo, akanusa. Akanusa tena, na tena, nami nikadhani ni furaha. Kisha akanigeukia.

"Aksanti, mutoto yangu. Ulifanya muzuri."

Akasema anafika kidogo kwa mama mudogo, ndugu yake aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hakurudi mpaka jua likazama.

Jumapili alikivaa. Nilitembea mbele yake hadi kanisani, nikimwambia kila tuliyekutana naye kwamba mimi ndiye niliyekifua. "Njo yeye," mama alisema, akitikisa kichwa kukubali. Akakivaa Jumapili iliyofuata, na nyingine, hadi kikapauka.

Mwaka nilipoolewa, mama mudogo alikuja kunipangia sanduku langu. Tulipokuwa tunakunja vitenge, nikamsimulia kisa hicho kwa majivuno yangu yaleyale ya zamani. Hakucheka.

"Ile kikwembe ilikuwaka na harufu ya koko yenu," alisema. "Mama yako hakubakiaka na kitu ingine. Siku ile alilia kwangu mupaka magaribi. Kisha akapanguza macho, akaniambia: mutoto asijue hata siku moja."

Aibu niliyoisikia sijawahi kuisikia tena.

Mama yuko hai, na bado sijamwomba radhi. Mara kadhaa nimefika mlangoni kwake maneno yakiwa tayari, nikamkuta anawasimulia wajukuu vile mama yao, akiwa na miaka tisa, alipanda mlima na bidoni ya maji ili amfulie kitenge. Anacheka akisimulia. Basi nami nakaa, nacheka naye, kwa sababu kisa hicho ndicho alichochagua kukitunza.