Plagini Iliyopiga Hodi

Kazi yangu haielezeki msibani. Watu wazima wakikuuliza unafanya nini siku hizi, mwalimu anajibu, nesi anajibu, hata mwenye kibanda cha chipsi anajibu na watu wanatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nikisema naandika plagini za kompaila, wanaangaliana, kisha mmoja ananiombea dua nipate mume.

Mama ndiye pekee aliyenibana mpaka nikaeleza. Nilikuwa nimerudi Bagamoyo na kompyuta yangu na mabegi kwa sababu presha ilimwangusha uani, na jirani aliyemwokota alinipigia simu huku analia. Nilipofika, mama alikuwa ameshapata nafuu ya kutosha kunisema kwa nini nimekonda, lakini mimi nikaapa simwachi peke yake tena. Nikamwomba bosi wangu wa Dar nifanyie kazi nyumbani. Akasema haya, mwezi mmoja wa majaribio. Nikivuruga kitu narudi ofisini, na hataki kusikia habari za mama wala za nani. Hapo ndipo raha ilipoanza kunitoka, maana nikikosea kazini, mama anabaki na presha yake na kuta nne.

"Sasa hiyo kazi yenyewe ni ipi?" akaniuliza siku moja, nimetandaza nyaya zangu kwenye meza yake ya chakula.

Nikamwambia, mama, sisi tunaandika programu kwa maneno ambayo binadamu anaweza kuyasoma. Mashine haiyaelewi. Kompaila ndiyo inayoyachukua na kuyageuza yawe kitu ambacho mashine inakifahamu. Plagini ni programu ndogo unayoipachika kwenye kompaila, ipitie yale maneno kabla hayajageuzwa, na ikiona uchafu iseme hapana, hapa hakuna kupita.

Mama ni mpishi wa shughuli. Pilau lake limeozesha nusu ya mtaa wetu. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni yule mwanamke anayekaa mlango wa jikoni siku ya harusi, anaonja kila sufuria kabla haijaenda kwa wageni."

"Huyo huyo, mama."

"Anachukiwa sana yule."

Hakukosea. Kampuni yetu inatengeneza programu ya kufuatilia vifurushi vinavyosafirishwa kwa mabasi, na plagini yangu ilikuwa na kazi moja tu: kuhakikisha hakuna mwenzetu anayeandika kitu kitakachomwonyesha mtu asiyehusika namba ya simu ya mteja. Ukiandika hivyo, plagini inaisimamisha kompaila na kukutajia mstari uliokosea. Wenzangu waliisubiri kwa furaha ile ile ya mtu anayesubiri sindano.

Sasa, kompyuta yangu ni kuukuu. Plagini ikianza kusoma mafaili yote, feni inavuma kama mashine ya kusaga, na mara nyingi sikutaka kukaguliwa, nilitaka kujaribu kajambo kadogo tu niendelee na mengine. Nikabuni utaratibu. Kabla ya kuanza, plagini inaandika kwenye skrini: Hodi? Nikiandika karibu, inaingia na kukagua. Nikinyamaza, inapiga ya pili, inapiga ya tatu, kisha inakwenda zake na kuiacha kompaila iendelee na kazi. Si ndivyo tulivyolelewa? Hodi tatu, usipoitikiwa geuza, usianze kuchungulia madirishani kama mwizi. Nilijiona nimezaa plagini yenye adabu kuliko mabinti wengi wa mtaa huu, na mimi nikiwemo.

Nikaituma Dar pamoja na hodi zake.

Kule ofisini, kila tunachoandika kinapitia kwenye kompyuta moja iliyofungiwa kabatini, haina skrini wala mtu wa kuikalia. Inakusanya kazi zetu, inaita kompaila, na mambo yakienda sawa inatuma alama ya kijani kwa kila mmoja, kisha programu mpya inakwenda kwa mawakala wa vifurushi. Basi plagini yangu, binti wa watu, ikafika kabatini. Hodi? Kimya. Hodi? Kimya. Hodi? Nani aitikie, mende? Ikageuza. Kompaila ikaendelea kama kawaida, kijani kikaja, na mimi huku Bagamoyo kila nikiona kijani najipigapiga kifua: ona nilivyowanyoosha, hakuna anayekosea tena!

Kisha mwenzetu mmoja akakosea, kosa lile lile ambalo plagini ililetwa kulizuia, na ukurasa wa mawakala ukaanza kuonyesha namba za watumaji wote. Huko Chalinze kulikuwa na wakala ambaye Mungu alimjalia muda mwingi na haya kidogo. Akachagua namba ya dada mmoja aliyekuwa ametuma mashuka, akaanza kumwandikia "umeamkaje mrembo". Mrembo ana mume. Mume ana mdomo. Akapanda basi akaja kuufungulia ofisini kwetu, na mlinzi ananiambia watu wa ghorofa ya juu walishuka kusikiliza.

Bosi akatuita sote kwenye kikao cha video. "Plagini yako ilikuwa wapi?" akaniuliza.

Nikafungua kumbukumbu za ile kompyuta ya kabatini, wote wanaiona skrini yangu. Hodi. Hodi. Hodi. Imeondoka. Nikashuka mistari ya chini. Hodi, hodi, hodi, imeondoka. Ukurasa mzima ni hodi, kama omba omba wa siku ya Ijumaa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kompyuta yangu.

"Hii ni nini?" bosi akauliza.

"Ni hodi, bosi."

"Inampigia nani?"

Mwenzangu mmoja wa Tanga, Mungu amzidishie, akanisaidia bila kuombwa. "Lakini bosi, imepiga tatu. Haikuitikiwa. Ulitaka ivunje mlango?"

Kikao kizima kikacheka. Bosi akaficha uso kwa kiganja, mabega yanatikisika, na alipoipata tena sauti yake akasema, "Ndiyo. Nilitaka ivunje mlango." Akanipa mpaka jioni.

Nikazing'oa hodi zote. Nikapanga kwamba plagini ikishindwa kukagua kwa sababu yoyote ile, kompaila nayo isimame, kitu kisitoke. Adhana ya magharibi ilipolia, plagini ilikuwa imeshaanza kazi kabatini, na wa kwanza kunaswa nilikuwa mimi mwenyewe, kwa mstari nilioandika siku ile ile. Nikausahihisha huku naitukana. Baadaye kidogo bosi akaniandikia: "Sawa. Baki huko huko."

Nilikimbia chumbani kwa mama, nikalisukuma pazia. "Mama, nimebaki! Hawanirudishi!" Nikamsimulia yote, kabati, Chalinze, mrembo wa mashuka. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Kisha akanitazama.

"Kwa hiyo mashine ya kabatini unaipigia hodi."

"Nilikuwa naipigia."

"Na mimi?"

Nikadhani anasema habari ya pazia, nikaanza kumwomba radhi.

"Achana na pazia. Umekuja na mabegi yako, umechukua jiko langu, unanihesabia vidonge, wageni wangu unawarudisha eti napumzika. Tangu uje sijashika mwiko. Watu wa Zinga wamekuja kuniomba nikapike kwenye harusi ya binti yao, ukawajibu wewe, mama haendi popote. Niliugua, mwanangu, sikufa. Sasa hebu niambie, mimi nilikuitikia karibu lini?"

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo, ningejua pa kuanzia. Nilikuwa nimeomba ruhusa kwa bosi, kwa wenzangu, hata kwa mwenye nyumba wangu wa Dar. Mama sikumwuliza. Iliniuma, na machozi yakanitoka mbele yake, mtu mzima mimi.

Hakunibembeleza. Alijifunga kanga, akatafuta ndala zake kwa miguu, akasema nimpishe njia. Nikabaki nimekaa kitandani kwake, namsikia jikoni akifungua na kufunga makabati, akilaani jinsi nilivyopanga masufuria yake. Halafu akapiga simu Zinga. Aliuliza hali zao, akawaambia amepata nafuu, alhamdulillahi, watafute kuni kavu na mchele usiokatika.

"Nani, binti yangu?" nikamsikia anasema. "Aa, huyo anarudi Dar Jumapili. Mwenyewe bado hajajua."